Kibanio cha mboga cha tangi la samaki: kizuri kwa majani, si kwa tango

Kibanio hiki cha plastiki, chenye mpira wa kunata kwenye kioo, kinafanya kazi nzuri kwa mboga za majani. Spinachi iliyotumbukizwa kwenye maji ya moto kwa dakika 1 hukaa imara, na samaki aina ya Tropheus wa Ziwa Tanganyika, ambao kwa asili hukwangua mwani kwenye mawe, huidonoa bila kuitawanya. Futa kioo kwanza. Penye utelezi wa mwani mpira huachia.

Kwa tango na zukini hakifai. Meno yake hayashiki barabara kipande cha unene wa sentimita 1. Kikichomoka huelea, ilhali Ancistrus, jamii ya kambare wa tangini, hula chini, tena usiku. Hapo uma wa kawaida wa chuma kisichoshika kutu unakishinda kabisa: chomeka kipande, kitazama chenyewe. Zukini ichemshwe dakika 2 ilainike, tango halihitaji.

Kasoro nyingine ni mpira kukakamaa. Kuuloweka kwenye maji ya moto huurudishia ulaini, ingawa kwa muda tu. Masalia ya mboga yatoe ndani ya saa 24, la sivyo yanaoza na amonia, sumu kwa samaki, inapanda majini.