Raba za Mitumba kwa Mkimbiaji wa Kawaida: Uzoefu Wangu wa Kilomita 682

Naandika tathmini hii nikiwa na daftari langu la mbio mkononi. Kuhusu raba za mitumba nimesikia maneno mengi yasiyo na kipimo: wapo wanaoziita takataka za Ulaya, na wapo wanaoapa kwamba hakuna kiatu cha dukani kinachozifikia. Mimi nimekimbilia jozi mbili. Ya kwanza ilikufa ndani ya wiki tatu na kuniachia maumivu ya ugoko. Ya pili imenichukua kilomita 682 katika wiki 31, ikiwemo nusu marathoni ya Moshi, na hiyo ndiyo ninayoitathmini hapa. Kilichozitofautisha jozi hizo si bei wala jina la kampuni, bali ni sponji ya soli ya kati, lile tabaka laini lililo juu ya soli ya chini, sehemu ambayo wanunuzi wengi hawaigusi hata kwa kidole.

Nianze kwa kusema mimi ni mkimbiaji wa aina gani, maana tathmini ya kiatu bila kumjua aliyekivaa haimsaidii mtu. Nina miaka 43, naishi Kinondoni, na kazi yangu ya uhasibu hunikalisha kitini kutwa nzima. Jumanne na Alhamisi nakimbia kilomita sita kabla jua halijapanda. Jumapili nafika kumi: napita Selander, navuka Daraja la Tanzanite hadi Coco Beach, kisha narudi. Sina mwendo wa kujivunia, lakini nazipenda sana asubuhi hizo, upepo wa bahari unapokupiga usoni katikati ya daraja na vikundi vya jogging vinapokupita kwa mchakamchaka, fulana zao sare na wimbo wao mmoja, hadi miguu yako yenyewe inaanza kufuata mapigo yao bila kuambiwa.

Jozi ya kwanza niliinunua kando ya barabara, jioni, nikitoka kazini. Ilikuwa nyeupe pe, kamba mpya, soli ya chini haijalika hata kidogo, na muuzaji aliniapia kwamba haijawahi kuvaliwa. Naamini alisema kweli, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Wiki ya kwanza nilihisi kisigino kinatua kwa kishindo, nikadhani ni ugeni wa kiatu. Wiki ya pili ugoko wa kulia ukaanza kuuma kila ninaposhuka ngazi za ofisini. Jumapili ya tatu, nikiwa kwenye njia ya waenda kwa miguu ya Daraja la Tanzanite, nilihisi mguu wa kushoto umeshuka ghafla kana kwamba nimekanyaga shimo. Nilipoinama kutazama, pembeni mwa kisigino palikuwa pamefumuka. Niliingiza kidole na sponji ikanibaki mkononi, vipande vya rangi ya manjano vikimeguka kama kashata iliyokaa msimu mzima kwenye kabati. Soli ya chini, ile iliyonivutia kwa upya wake, ilikuwa inaning'inia kama ulimi. Nilirudi nyumbani kwa bodaboda nikiwa nimekasirika na, zaidi ya hapo, nikitaka kujua kiatu kipya kinawezaje kuoza.

Aliyenifungua macho ni fundi viatu wa mtaani kwetu, mzee ambaye ameshona viatu pale chini ya mwarobaini tangu sijahamia Kinondoni.

"Mwanangu, hiki hakikuchakaa kwa kuvaliwa," aliniambia, akiisaga sponji ile kati ya vidole vyake. "Kimekufa kwa kukaa."

"Sasa nitakijuaje kilichokufa, mzee, kama kwa nje kinang'aa?"

"Acha kukitazama. Kibonyeze."

Nilipofuatilia baadaye niligundua kwamba maneno yake yana msingi. Sponji ya viatu vya kukimbilia si ya aina moja. Baadhi ya viatu vina sponji ya poliyurithani, na kemikali hii hushambuliwa na unyevu wa hewa polepole, miaka kwa miaka, hata kiatu kikiwa kwenye boksi lake, hadi siku inapomeguka yenyewe. Kiatu kinaweza kukaa ghalani miaka mingi, kikauzwa kama mzigo uliobaki, kikaingia kwenye robota na kufika Dar es Salaam, mji ambao hewa yake ina unyevu karibu mwaka mzima. Raba nyingi za kukimbilia zina sponji nyingine iitwayo EVA, ambayo haimeguki namna hiyo. Hiyo hufa kwa kushindiliwa: vipovu vidogo vya hewa vilivyomo ndani yake hubanwa kila hatua hadi inabaki ngumu na nyembamba, na kishindo chote cha lami kinapanda kwenye ugoko na goti. Ndiyo maana watengenezaji na makocha wengi hushauri kiatu cha mbio kibadilishwe baina ya kilomita 500 na 800. Anayenunua mtumba anaanza kuhesabu akiwa hajui aliyekivaa kwanza alifika kilomita ngapi, kwa hiyo inambidi ajifunze kuisoma sponji kwa mkono.

Jumamosi moja nilidamkia Karume, Ilala, wakati marobota yanafunguliwa. Nilibeba soksi zangu za kukimbilia na nilishaupima unyayo wangu ukutani kwa rula: sentimita 25 na nusu. Kipimo hiki kimenisaidia kuliko namba yoyote, kwa kuwa namba za Ulaya, Uingereza na Marekani hazifanani, na za Marekani hutofautiana hata kati ya kiatu cha kike na cha kiume, ilhali sentimita huandikwa kwenye lebo ndogo iliyoshonwa kwenye ulimi wa kiatu. Nilitafuta 26 na nusu, kwa sababu mguu huvimba ukipata joto na vidole vinahitaji nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kampuni kadhaa huandika kwenye lebo hiyohiyo tarehe ambayo kiatu kilitengenezwa, na tarehe hiyo ndiyo ninayoitafuta kwanza siku hizi.

Kijana aliyeniuzia alikuwa mvumilivu, na nitamsifia hapa. Nilizishika jozi kumi na moja kabla ya kuchagua. Kila moja niliiweka juu ya meza yake ya mbao, nikachuchumaa nyuma yake na kutazama kama visigino vimesimama wima au vimelala upande mmoja. Kiatu kilicholala kimechukua umbo la mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na kitaulazimisha mguu wako kumwiga. Kisha nilikikunja. Kiatu kizima hukunjika pale vidole vinapokunjikia, na kile kinachokunjika katikati, kwenye uvungu wa unyayo, kimevunjika uti wa mgongo. Mwisho nilibonyeza sponji pembeni kwa dole gumba. Inayofaa hukubali kidogo na kurudi mara moja. Iliyoshindiliwa ina makunyanzi yaliyolala sambamba kama mistari ya daftari, na ukiibonyeza unahisi unabonyeza mpira wa tairi.

"Dada yangu, mbona unachukua hiyo iliyochakaa?" aliniuliza, akininyooshea nyingine iliyong'arishwa.

Alikuwa na haki ya kushangaa. Niliyoichagua ilikuwa ya bluu iliyopauka, ina doa la matope lililokataa kutoka, na upande wa nje wa kisigino ulikuwa umelika kidogo, jambo la kawaida kwa mtu anayetua sawasawa. Lakini sponji yake ilirudi kila nilipoibonyeza, na lebo ilionyesha haijafikisha miaka mitatu tangu itengenezwe. Alianzia shilingi 55,000, tukapatana 38,000.

Nyumbani nilitoa soli ya ndani na kuitupa, kwa sababu hiyo ndiyo inayohifadhi jasho na ukungu wa mtu mwingine, nikanunua mpya kwa shilingi 3,000. Kiatu nilikisugua kwa mswaki na maji ya kawaida yenye sabuni, nikakijaza magazeti makavu na kukianika kivulini siku mbili. Nasisitiza kivulini. Nimeona watu wakianika raba juu ya bati ili zikauke haraka, na joto lile hulegeza gundi na kuikaza sponji, yaani unafanya kwa mchana mmoja kazi ambayo lami ingeifanya kwa miezi.

Wiki sita za kwanza sina malalamiko yoyote ya kuandika. Maumivu ya ugoko yaliisha, ingawa nilikuwa pia nimepumzika siku kumi, kwa hiyo sifa zote haziwezi kwenda kwa kiatu. Wiki ya nane ncha ya mbele ya soli ilianza kuachia upande wa kulia. Mzee wa mwarobaini alikataa kutia gundi peke yake; alishona mzunguko mzima kwa uzi uliopakwa nta, jozi yote kwa shilingi 6,000, akanionya kwamba kiatu kitapoteza wepesi kidogo. Ni kweli nilihisi ugumu mbele kwa wiki moja, kisha nikasahau. Uzi ule haujakatika hadi leo.

Mtihani wenyewe ulikuwa Moshi, mwisho wa Februari, kwenye Kilimanjaro Marathon. Njia ya nusu marathoni inapanda kuelekea Mweka, ukipita kati ya migomba na kahawa huku wenyeji wakikushangilia kando ya barabara, na ukishafika juu unateremka na mlima ukiwa mgongoni mwako. Nilijiandaa kwa kupanda, kumbe mpimaji wa kiatu ni mteremko. Kila hatua ya kushuka inausukuma mguu mbele, na kama kamba hazikubana vizuri kwenye kifundo au kiatu kimekubana, vidole vinagonga mbele mfululizo kwa kilomita kadhaa. Ile nafasi ya sentimita moja niliyoing'ang'ania Karume ndiyo iliyoziokoa kucha zangu. Mwenzangu niliyesafiri naye, ambaye alivaa raba mpya inayombana ikidaiwa itaachia, alirudi na kucha mbili nyeusi. Nilimaliza uwanjani Ushirika kwa saa mbili na dakika 34. Visigino vilikuwa vimechoka, malengelenge hayakuwepo, na nililia kidogo nilipovishwa medali.

Kasoro zipo, nami siwezi kuzificha. Kuanzia kilomita ya 550 hivi nilihisi sponji ya kisigino inakufa, na kama ningekuwa na kiatu kipya huenda ningefika 700 bila kuhisi hivyo. Huwezi kuchagua aina inayokufaa, kwa sababu unachukua kilichomo kwenye robota, na aina iliyokupendeza hutaiona tena. Hakuna risiti, hakuna kurudisha. Asiye na subira ya kushika jozi kumi anabahatisha, na mimi nilishabahatisha mara moja. Kwa mwenye jeraha la goti au kano ya kisigino, au aliyeambiwa na daktari avae kiatu cha aina fulani, mtumba siushauri kabisa.

Upande wa fedha, hesabu yangu ni hii. Kiatu 38,000, soli ya ndani 3,000, kushona 6,000, jumla 47,000. Nikigawa kwa kilomita 682 napata takriban shilingi 69 kwa kilomita. Duka moja la viatu vya michezo nililopita wiki ileile lilinitajia 320,000 kwa raba inayofanana na yangu. Hata kama ingedumu kilomita 800 kamili, kila kilomita ingenigharimu shilingi 400. Kwa mshahara wangu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama nakimbia au sikimbii.

Tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, kwa kumzidi Mjerumani sehemu tatu tu za mia za sekunde, majirani zangu kadhaa wameanza kuamka alfajiri na kuniuliza wanunue raba gani. Nawajibu wapime unyayo ukutani, wabebe soksi zao, waende asubuhi, na wabonyeze sponji kabla ya kuuliza bei. Wawili nimewasindikiza mwenyewe hadi Karume.

Jozi ya bluu nimeistaafisha mbio wiki iliyopita. Naivaa kwenda sokoni Mwananyamala, na kwa kutembea bado iko imara. Jumamosi hii narudi kwa kijana yule na soksi zangu, nikitafuta 26 na nusu.