SatNOGS juu ya paa la Dar: inafaa kufunzia timu ya setilaiti?

Setilaiti ikisharushwa, hakuna fundi wa kuifuata. Kwa hiyo kiongozi wa timu ya uendeshaji hawezi kumwachia mgeni chombo halisi ajifunzie kwa kukosea, na hapo ndipo kituo kidogo cha kupokea tu, kisichoweza kuharibu chochote angani, kinapopata thamani kuliko bei yake. SatNOGS ni mtandao wa vituo vya namna hiyo duniani kote, chini ya Libre Space Foundation ya Ugiriki, na ulitwaa Hackaday Prize mwaka 2014. Programu ni ya bure. Unachonunua ni vifaa, na vifaa hivyo vikifika Dar es Salaam vinakutana na chumvi, joto na redio za FM.

Seti inayopimwa hapa ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, kipokezi cha USB cha RTL-SDR Blog V4, kipaza mawimbi, antena ya mikono miwili ya 435 hadi 438 MHz, ambako setilaiti nyingi ndogo husikika, na waya wa mita 20 kutoka paani.

Kipokezi chenyewe hakina lawama kwa dola 30 hadi 40 kabla ya usafiri. Masafa yake hukosea kwa sehemu moja tu katika milioni, yaani kama 437 Hz ukiwa 437 MHz. Angalizo ni draiva, yaani programu inayokiunganisha na kompyuta: V4 inataka draiva mpya, na ukiipa ya zamani itawaka kama kawaida lakini haitapokea inavyopaswa. Mtu anaweza kupoteza wiki akilaumu antena.

Ndani yake mna kichujio chepesi cha FM. Kwa Dar, chepesi hakitoshi. Redio za kati ya 88 na 108 MHz zina nguvu mjini, na kipaza kisicho na kichujio mbele yake hushiba FM kabla setilaiti haijasema neno. Dalili yake inachanganya wengi: ukipunguza ukuzaji, setilaiti inasikika vizuri zaidi. Ukiona hivyo, usinunue antena kubwa. Mpangilio sahihi ni antena, kichujio, kipaza, waya, kisha kipokezi. Kichujio kinakula nguvu kidogo kabla ya kipaza, lakini hasara hiyo inavumilika. Kipaza hakihitaji waya wake wa umeme, kwani V4 hupandisha volti 4.5 kupitia waya uleule wa antena.

Waya ndiyo sehemu ambayo Kariakoo inakupa nafuu bila kujua. Wengi huomba RG58 kwa sababu ndiyo waliyosoma kwenye maelekezo ya redio. Kwenye 435 MHz, mita 20 za RG58 hupoteza desibeli 7 hivi, yaani kinachofika chini ni kama sehemu mbili kati ya kumi za nguvu iliyoingia; nane zilizobaki zimeishia njiani. RG6 ya dishi la televisheni, ambayo fundi dishi yeyote anayo, hupoteza chini ya 3 kwa urefu uleule. Ni kweli ni ya omu 75 na kipokezi ni cha omu 50, lakini hasara ya kutolingana huko ni ndogo mno. Angalia tu waya wa katikati uwe wa shaba au uliopakwa shaba, na uunge konekta kwa kubana, si kwa kusokota.

Antena haina siri: mikono miwili ya sentimita 16.5 kila mmoja, imefunguka kwa nyuzi 120, imelala mlalo. Shida ni upepo wa bahari. Alumini ikigusana na shaba kwenye hewa yenye chumvi hulana, na mawasiliano hufifia taratibu hadi hakuna anayejua yalianza kufa lini. Tumia boliti za chuma kisichoshika kutu. Na silikoni ya kuziba ile inayonuka kama siki usiiguse: tindikali yake hula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo, au tumia utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Juu ya mabati, kimo cha antena kina maana: bati linarudisha mawimbi na linaweza kuacha mapengo angani ambako setilaiti hupotea ghafla kisha kurudi.

Umeme ukikatika, Pi 4 hupatwa na mambo mawili. Kadi ya SD inaweza kuharibika, na saa inapotea, kwa sababu haina betri ya saa ndani. Umeme ukirudi kabla ya intaneti, Pi inafanya kazi kwa saa isiyo sahihi. Kosa la sekunde 10 wakati setilaiti ya kilomita 500 ikipita utosini linasogeza masafa kwa zaidi ya 1.5 kHz, na mawimbi membamba yanatoka nje ya dirisha la kipokezi. Moduli ya saa ya DS3231 inamaliza tatizo la pili. La kwanza linamalizwa na betri ya volti 12, Ah 7, na kishusha volti cha 5 V, 3 A. Ukitumia nusu ya betri unapata saa tano hadi sita.

Saa ya binadamu ni ngumu zaidi. SatNOGS huandika kila kitu kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, saa ya ukutani Dar iko saa tatu mbele, na midomo yetu inahesabu kwa Kiswahili. Pito la setilaiti la 09:00 UTC ni saa sita mchana. Anayepokea zamu akiambiwa "saa sita" na kuandika 06:00 kwenye daftari, amewahi kwa saa tatu nzima. Dawa ni kanuni moja: kwenye makabidhiano, wakati unasomwa tarakimu nne kwa UTC, na neno "saa" halitamkwi. Kituo hiki kinaadhibu kosa hilo bila hasara, na hiyo peke yake inatosha kukinunua.

Jambo jingine ambalo kituo hiki hufundisha vizuri ni kusoma picha ya masafa inayotolewa baada ya kila pito. Programu hufidia mabadiliko ya masafa yatokanayo na mwendo, ambayo kwenye 437 MHz hufika kama 10 kHz kila upande. Kwa hiyo setilaiti huonekana kama mstari ulionyooka, na uchafu wa mjini, ambao haukusogea, hupindwa kama herufi S. Mgeni hudhani kinyume. Mstari ukiinama kidogo, kwanza shuku saa, kisha data za obiti zilizochakaa. Mpe kila mwanazamu picha ishirini azipange kabla ya kumwacha peke yake.

Mapito si mengi. Chombo cha obiti ya ncha kwa ncha hupita Svalbard, Norway, kila mzunguko; Dar, karibu na ikweta, hukipata mara nne hadi sita kwa siku, na mengine huishia chini ya nyuzi 10, nyuma ya majengo. Weka kikomo cha upeo kwenye mipangilio kulingana na paa lako, na ukiache kituo kwenye hali ya majaribio hadi picha tano mfululizo ziwe safi.

Sasa upungufu, hasa kwa anayelenga usalama wa anga. Kituo hakitumi chochote, hivyo hakifundishi amri wala usimbaji. Kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na ni kazi nyingine kabisa. Wala data za obiti za TLE kinazotumia hazifai kuamulia kukwepa mgongano, kwa sababu hazibebi makadirio ya kosa. Tarehe 10 Februari 2009, hesabu za TLE zilionesha setilaiti mbili, Iridium 33 na Cosmos 2251, zingepishana kwa mita 584. Ziligongana. Zoezi la tahadhari ya mgongano lifanyiwe kwenye ujumbe rasmi wa tahadhari, si hapa.

Kwenye mtandao, kituo hakilindwi na udogo wake. Shambulio la mtandaoni dhidi ya KA-SAT, setilaiti ya intaneti, la tarehe 24 Februari 2022 lilipitia ardhini, kwenye mtandao wa usimamizi, likaua modemu za wateja bila kugusa setilaiti. Badilisha nenosiri la Pi siku ya kwanza, itenge na mtandao wa ofisi, na ufunguo wa akaunti ya SatNOGS usipigwe picha na kutupwa kwenye kundi la WhatsApp la timu.

Rota ya kuzungusha antena isubiri. Kwa fedha hiyo nunua kichujio cha FM, DS3231 na betri, na RG6 mpya kila inapofika masika ya pili.