Rozi goldi na vito vya rangi: nimevaa, nimeona, nasema

Wapenzi wa vito, nianze na kinachonikera kwanza. Ukiuliza popote utaambiwa rozi goldi, yaani dhahabu ya pinki iliyochanganywa na shaba, inakubali jiwe lolote we vaa tu. Sio kweli jamani. Ile pinki ni rangi kama rangi nyingine, inaakisi ndani ya jiwe na jiwe linabadilika, kuna mawe yanapendeza zaidi na kuna mengine yanafifia kabisa.

Vyangu ni pete ya karati 18 (karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu) yenye moganaiti, hereni za karati 14 zenye tanzanaiti, na kidani cha karati 18 chenye tsavoraiti, ile ganeti ya kijani. Nikivaa hereni na pete pamoja watu huniuliza mbona dhahabu hazifanani, na kweli hazifanani. Karati 18 ni dhahabu asilimia 75, iliyobaki ni shaba na kwa kawaida fedha kidogo, ndo maana pinki yake imepoa. Karati 14 dhahabu ni asilimia 58.5 tu, shaba inakuwa nyingi zaidi kwahiyo inaenda kwenye wekundu. Sasa ukikuta mtu anauza rozi goldi ya karati 24 we mwache hapohapo, karati 24 ni dhahabu tupu, hiyo shaba ya kuleta pinki imekaa wapi?

Haya, moganaiti. Hili ndo jiwe kila mtu anakushauri uweke kwenye rozi goldi, na mi naona linasifiwa kupita kiasi. Ni ukoo mmoja na zumaridi na akwamarini, ila lenyewe ni pinki mpauko, na pinki juu ya pinki ukiwa mbali kidogo huoni jiwe, unaona pete tu. Linahitaji liwe kubwa kiasi ndo rangi ionekane. Halafu losheni! Nikipaka mikono mafuta yanajaa kule nyuma ya jiwe, utando mweupe hivi, na jiwe linakuwa kama kipande cha chupa. Dawa yake ni maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki laini, unasugua kwa kutokea chini, juu hata usihangaike sana, uchafu haupo huko. Likishakauka linawaka tena. Ugumu wake ni 7.5 mpaka 8 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, kwahiyo kwa pete ya kila siku sina malalamiko.

Tanzanaiti aisee ndo penyewe. Hili linatoka Mererani, Tanzania, na ukilizungusha upande mmoja linatoa bluu upande mwingine zambarau. Kwenye dhahabu nyeupe niliyowahi kujaribu lilikuwa bluu kali, limepooza flani, lakini likikaa kwenye rozi goldi ile zambarau inaamka, hasa usiku kwenye taa za njano, yaani ni kama hereni nyingine. Ila ni jiwe laini, ugumu 6 hadi 7, na halipendi kugongwa wala joto la ghafla. Ndo maana nilichukua hereni, pete sikutaka, mkono unagonga kila kitu. Na usikubali lisafishwe kwenye zile mashine za mawimbi ya sauti, linaweza kupasuka.

Kijani sikutegemea kama kingenishika hivi. Tsavoraiti na pinki ya shaba zinagombana vizuri, kila moja inaichokoza mwenzake, hata likiwa jiwe dogo linaonekana toka mbali. Zumaridi nalo lingependeza ila mengi yanatiwa mafuta kuficha nyufa na yanataka kulelewa, mi sina huo muda.

Almasi ni rahisi zaidi, hata yenye unjano kidogo haionekani vibaya maana dhahabu yenyewe ina rangi ya joto. Ukitaka iwe nyeupe kabisa mwambie sonara vile vikucha vinavyoshika jiwe avitengeneze kwa dhahabu nyeupe, vikiwa vya pinki vinaakisi ndani. Lulu nzuri ni zile za krimu au za pichi. Rubi sikuipenda, inaifanya rozi goldi ionekane imechuja.

Angalieni na mhuri: 750 ni karati 18, 585 ni 14, 375 ni 9. Kuna muuzaji mmoja mtandaoni aliniuzia bangili kwa jina la rozi goldi, kuja kuigeuza ndani imeandikwa 925, yaani ni fedha iliyochovywa rangi ya pinki juu tu, na kwenye kingo pinki ilishaanza kutoka. Fedha iliyochovywa sio mbaya, ubaya ni kutoambiwa.

Rozi goldi naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeikata kwasababu ya kubadilisha saizi ya pete. Shaba ikiwa nyingi dhahabu inakuwa ngumu, ikichomwa halafu ikaachwa ipoe taratibu inaweza kukatika, na kipande kinachoongezwa lazima kiwe cha mchanganyiko uleule la sivyo alama inabaki. Yangu ina kamstari chini ya kidole, rangi imezidi wekundu. Kwahiyo pimeni kidole vizuri kabla, na mpime jioni maana asubuhi kwenye baridi kinakuwa kimesinyaa.