Oboe ya mwanafunzi iliyotumika: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Ukitafuta oboe iliyotumika, ile ala ya kupuliza yenye tete, kwa ajili ya mwanafunzi, mng'ao wa vyuma pichani usikuvute. Angalia vibonyezo. Oboe za kuanzia mara nyingi hupunguzwa vibonyezo ili bei ishuke, na kinachokosekana zaidi ni cha noti ya F, kinachobonyezwa kwa kidole kidogo cha kushoto. Pasipo hicho, kila F inapopakana na noti ya D mwanafunzi hulazimika kuinua kidole cha kati cha kulia huku cha kwanza na cha tatu vikibaki chini, na F hiyo kwa kawaida hutoka imefifia. Kingine ni cha noti ya B-flat ya chini kabisa. Omba picha ya karibu ya vibonyezo hivyo kabla ya kuulizia bei.

Muulize pia mwalimu anafundisha mfumo gani wa vibonyezo. Uingereza bado wapo wengi wanaotumia wenye bamba la kidole gumba, wakati kwingineko mfumo wa Kifaransa ndio umetawala.

Ninayoiweka juu kabisa ni ya plastiki ngumu kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, iuzwe na fundi au duka la ala za kupuliza linalokupa siku za kuirudisha. Renard 333 ya Fox ni mfano mzuri: F ya kushoto inayo, B-flat ya chini inayo. Yamaha YOB-241 nayo ni ya plastiki. Plastiki haipasuki kwa joto wala unyevu, na hilo kwa mwanafunzi ni kubwa kuliko utamu wa sauti.

Ya pili ni ya mpingo, ukiuziwa na mtu aliyekuwa akiipiga mpaka juzi. Sauti yake ni nzuri kweli, lakini mpingo hupasuka, hasa kipande cha juu, karibu na matundu madogo ya trili (kupishanisha noti mbili haraka). Ufa uliozibwa vizuri na fundi haunitishi. Muuzaji asiyetaka kupiga picha upande huo ananitisha. Ikiwa inavuka mpaka, mpingo umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, ingawa ala zilizokamilika zilisamehewa vibali vya mkataba huo mwaka 2019.

Ya tatu ni oboe kuukuu ya hadhi iliyolala kabatini miaka mingi. Bei yake hushawishi, ila pedi (vifuniko laini vinavyoziba matundu) huwa zimekauka na gome laini la kizibo kwenye maungio limekwisha, na bili ya fundi inaweza kufikia bei uliyonunulia. Inunue tu kama fundi ameishika mkononi.

Mpya isiyo na jina, inayouzwa kwa bei ya kutupa, iache. Vyuma vyake mara nyingi ni laini, hupinda, na mafundi wengi hawakubali kuigusa.

Ikifika, usisubiri. Chukua kipande cha juu, funga matundu yote kwa vidole, ziba mwisho wa chini kwa kiganja, kisha nyonya hewa kwa juu. Hewa ikishika sekunde chache na ukasikia "pop" unapoachia kiganja, pedi zinaziba. Ikikatika papo hapo, kuna pedi inayovuja au skrubu iliyolegea, na oboe ina skrubu nyingi za kurekebishia, kwa hiyo usizizungushe mwenyewe. Mpe mwalimu apige noti za chini kwa sauti ya taratibu, akitumia tete lake mwenyewe (kipande cha mwanzi cha kupulizia), kabla siku za kurudisha hazijaisha. Zikigoma kutoka, irudishe.