Ramani ya zamani ya malambo, San Angelo: ramani safi, uchapaji ovyo

Nafanya kazi kwenye ranchi ya kondoo na mbuzi nje kidogo ya San Angelo, Texas. Bosi alitaka kujua malambo gani yalikuwepo tangu zamani, nikaagiza mtandaoni ramani ya zamani ya USGS (idara ya jiolojia ya Marekani), ya skeli ya 1:24,000.

Kwanza nilichekwa. Ramani imejaa neno "Tank", na mimi niliyekulia Simanjiro, tanki kwangu ni lile jeusi la plastiki nyuma ya nyumba. Nikazunguka porini asubuhi nzima nikitafuta mapipa. Kumbe kwa Texas "tank" ndiyo lambo letu lilelile: tuta la udongo limeziba korongo, mifugo inakunywa.

Ukishazielewa rangi, inakusimulia mengi. Kahawia ni kontua, yaani mistari ya mwinuko wa ardhi; bluu ni maji. Korongo la msimu huchorwa kwa mstari wa bluu uliokatika, wenye vinukta vitatu katikati. Zambarau ndiyo ya kuangalia sana: ni vitu vilivyoongezwa baadaye kutokana na picha za ndege, bila mtu kwenda kuhakiki. Lambo moja la zambarau tulilifuata kwa miguu. Tuta limepasuka, na ndani umeota mti wa mesquite wenye shina nene kama paja langu.

Bluu nayo usiiamini moja kwa moja. Bwawa la Twin Buttes, lililokamilika 1963 na tuta lake la zaidi ya kilomita 12, kwenye karatasi limejaa pomoni. Ukame umewahi kulibakiza vidimbwi.

Sasa kero. Muuzaji aliibana ramani ienee kwenye karatasi yake ndogo, lakini pembeni imebaki imeandikwa 1:24,000. Kwa skeli hiyo maili moja ni sentimeta 6.7. Nikaweka rula kwenye mstari wa kipimo cha maili uliochorwa chini ya ramani: 5.2! Ndiyo maana umbali wote niliompa bosi ulikuwa mfupi, na siku ile maji ya kunywa yalituishia njiani. Nilipomwandikia muuzaji, akanijibu eti ni "ya kupamba ukutani". Angesema mapema.

Faili lenyewe USGS wanalitoa bure kwenye topoView, tovuti yao ya ramani za zamani. Nililipeleka kwa mchapaji wa hapa mjini, nikamsihi asiguse ukubwa. Maili ikatoka 6.7.