Kopo la nguvu za kiume: geuza nyuma kabla ya kutoa hela

Wanaonilalamikia kuhusu vidonge vya nguvu za kiume ni wake kuliko waume. Mwanamume akinunua kopo lisimsaidie, atalisukumia uvunguni na kunyamaza. Mke hanyamazi, kwa sababu mara nyingi hela imetoka kwenye mawese yake au dagaa wake. Wa karibuni ni wifi mmoja wa Gungu, hapa Kigoma mjini, aliyeniandikia hivi: "Dada, kopo limeandikwa vidonge sitini, limeisha siku ya ishirini. Muuzaji alisema ni la miezi miwili. Huyu mwanamume anabugia kwa siri, au?"

Wifi, mwenzio hana kosa. Nyuma ya kopo, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, wameandika kwamba kipimo kimoja ni vidonge vitatu. Sitini gawa kwa tatu, ishirini. Zile milligramu 1,500 zilizopigwa kwa wino mwekundu usoni mwa kopo ni za vidonge vitatu kwa pamoja, si za kimoja. Na wako wanaomeza kimoja kwa siku ili kopo lifike mbali, wakawa wanapata theluthi tu ya kipimo kilichoandikwa, halafu wanasema vitamini ni uongo.

Kwa hiyo sitawachosha na habari za tarehe ya kwisha muda wala kifuniko kilichofunguliwa. Hayo hata mtoto anakagua kwenye juisi. Ugomvi wangu ni na ule mstari wa kipimo. Kopo la shilingi 75,000 lenye vidonge 60, ukimeza vitatu kwa siku, ni shilingi 3,750 kila siku, yaani 112,500 kwa mwezi. Kopo la pembeni yake la 90,000 lenye vidonge 90 vya kumeza viwili ni shilingi 2,000 kwa siku. Lililoonekana ghali ndilo rahisi. Sijawahi kumsikia muuzaji wa Mwanga akitaja bei ya siku, na ukimuuliza anakutazama kama umemtukana.

Lebo hiyohiyo ina ugonjwa wa pili, mbaya zaidi. Utakuta wameandika "mchanganyiko maalumu", milligramu 1,200, kisha majina ya mimea saba au minane bila kusema kila mmoja umewekwa kiasi gani. Makopo mengi ya namna hiyo yanatoka Marekani, na sheria ya kule inaruhusu: mtengenezaji ataje uzito wa jumla tu na apange majina kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Maana yake kilichotajwa cha kwanza kinaweza kuwa karibu kopo zima, na hicho cha mwisho ulichokifuata, kile alichokusifia muuzaji, kikawa unga wa kupaka kwenye ncha ya kucha. Kopo lisilotaja kiasi cha kila kitu mimi silinunui, hata liwe limetoka mbinguni kwa boti ya Kibirizi.

Sasa tuyapange.

Juu kabisa naweka sitrulini, ile inayoandikwa L-Citrulline kwenye kopo, na nasema wazi kwamba kopo langu ni la NOW, kampuni ya Marekani. Sipati hata senti kwao. Kwanza mjue kwa nini sitrulini. Jogoo ili apande mtungi anahitaji damu, na damu ili iingie kwa wingi mishipa lazima ilegee. Kinachoilegeza ni gesi inayotengenezwa na mwili wenyewe, nitriki oksidi. Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa ugunduzi kuhusu kazi yake. Mwili huitengeneza gesi hiyo kutoka kwenye arjinini, mojawapo ya vijenzi vya protini. Ungedhani basi umeze arjinini moja kwa moja, na maduka yamejaa makopo yake, lakini sehemu kubwa huharibiwa tumboni na kwenye ini kabla haijafika popote. Sitrulini hupita salama, kisha figo zinaigeuza kuwa arjinini ndani ya damu. Ndiyo maana ninaipendelea kuliko arjinini yenyewe, ingawa arjinini ndiyo inayopigiwa debe zaidi.

Ushahidi wake ni mdogo, sitaki kuwadanganya. Kuna jaribio la Italia lililochapishwa mwaka 2011, wanaume 24 waliokuwa na tatizo dogo, si kubwa. Walimeza gramu moja na nusu kwa siku kwa mwezi mmoja, na mwezi mwingine wakameza vidonge bandia visivyo na kitu. Kwenye vidonge bandia, wawili walisimamisha vizuri. Kwenye sitrulini, kumi na wawili. Nusu, basi. Anayekuahidi zaidi ya hapo hajasoma au anakuuzia.

Kopo la NOW la milligramu 750 lina kitu kimoja tu ndani, na kimeandikwa kiasi chake. Viwili vinatoa 1,500, kipimo kilekile cha wale Waitaliano, na kopo la vidonge 90 linakupeleka siku 45. Hesabu hiyo unaifanya umesimama dukani bila kalamu. Ni kampuni ya familia iliyoanza 1968, iko Bloomingdale, Illinois, na ina tabia moja ninayoipenda: hununua makopo ya watu wengine yanayouzwa mtandaoni, inayapima maabara na kutangaza yaliyo na upungufu. Umbea wa aina hiyo nauunga mkono.

Anayetumia dawa za presha au za maumivu ya kifua asianze sitrulini bila kumwambia daktari, maana inalegeza mishipa na presha inaweza kushuka kuliko inavyotakiwa.

Nafasi ya pili naipa jinsengi nyekundu ya Korea, shingo upande. Sifa zake ni kubwa kuliko kazi yake: mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio mbalimbali yalikuta inasaidia kusimama kwa kiasi kidogo mno. Nimeiweka hapo kwa sababu makopo mazuri ya Korea yanataja kiasi chake wazi. Mzee anayemeza warfarini ya kuzuia damu kuganda, au dawa za sukari, aiache.

Zinki, vitamini D na vitamini B12 naziweka pamoja kwa kuwa swali ni moja: je, zimepungua mwilini mwako? Kama hazijapungua, unanunua mkojo wa bei ghali. Mwanamume mzima anahitaji zinki milligramu 11 kwa siku, na anazipata kwenye nyama, maharage na hawahawa dagaa wetu wanaoliwa wazimawazima. Kiwango cha juu ni 40. Nimeona makopo ya "nguvu maradufu" yenye 50 kwa kidonge, na zinki ikizidi muda mrefu inayafukuza madini ya shaba mwilini. B12 ni habari nyingine, na wanaume wengi wa hapa inawahusu: ukimeza metformini ya kisukari kwa miaka, B12 inaweza kushuka, na mishipa ya fahamu ikateseka, ya kule chini ikiwemo. Huyo apimwe, na ikionekana imeshuka anunue B12 peke yake, kopo dogo, aachane na mchanganyiko wa vitu ishirini.

Maca, mzizi wa Peru, sina ugomvi nayo, ila sioni cha kuisifia. Tribulusi, mmea mwingine wa makopo haya, hupigiwa debe kwamba inapandisha testosteroni, homoni ya kiume. Majaribio mengi kwa wanaume hayajaonyesha hivyo.

Yohimbini, inayotoka kwenye gome la mti wa Kameruni na Gaboni, iacheni. Inapandisha presha, inakimbiza moyo, inamfanya mtu atetemeke kwa wasiwasi. Mwanaume mwenye presha, ambaye ndiye mwenye tatizo hili mara nyingi, ndiye wa mwisho kuigusa.

Karanga mbichi na tikiti maji ni chakula kizuri, kuleni. Alkasusu kunyweni kwa kuburudika.

Chini kabisa, chini ya meza, ndipo ninapoweka vumbi la Kongo na vipakti vya asali ya ng'ambo, na hapa nitakaa kidogo. Kila ninayemuuliza kuhusu hivi vitu ananijibu jambo lilelile: "Vile vinafanya kazi, tena ndani ya saa moja." Hapo ndipo pa kuogopa! Hakuna vitamini inayofanya kazi ndani ya saa moja. Sitrulini yenyewe walipewa mwezi. Kinachofanya kazi kwa kasi hiyo kinafahamika, kinaitwa sildenafili, kiliingia sokoni mwaka 1998 kwa jina la Viagra, na kinauzwa famasi. Mtu akikisaga na kukichanganya kwenye unga wa mizizi, unakuwa umekunywa dawa ya hospitali ambayo hujui kiasi chake wala kama inakufaa. Marekani, watafiti walipitia taarifa za FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya kule, za kuanzia 2007 hadi 2016 na kukuta virutubisho 776 vilivyochanganywa dawa kwa siri. Karibu nusu vilikuwa vya nguvu za kiume, na sildenafili ndiyo iliyoongoza humo. Mwaka 2022 FDA ikaonya juu ya asali za vipakti zilizokutwa na sildenafili au tadalafili, dawa ya jamii hiyohiyo. Asali! Watu wa Tabora mna asali ya miombo inayotafutwa na dunia, halafu mnanunua kipakti cha gramu chache kwa bei inayoweza kununua lita nzima kwa mfugaji wa nyuki wa Sikonge.

Siyasemi haya kwa kupenda kutisha. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za maumivu ya kifua za jamii ya naitreti akiongeza sildenafili bila kujua, presha inaweza kuporomoka akafa kitandani, na msibani watasema alirogwa. Kama unaitaka sildenafili, na wengi ndiyo mnayoitaka hasa, iendee kwa njia yake: daktari akuone, akuandikie, uinunue famasi ikiwa na jina lake na milligramu zake. Bei yake ni ndogo kuliko haya makopo yote. Wauzaji wa makopo hawawezi kukwambia hivyo, maana biashara yao inaishia hapo.

Wauzaji wenyewe sasa. Kuna hawa vijana wa tai wanaojiita washauri wa afya. Wanakushikisha kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, baada ya dakika moja skrini inaandika figo zako zimechoka, ini lina mafuta na mbegu ni nyepesi. Kila anayeshika kijiti mbegu zake ni nyepesi; jirani yangu, mama wa watoto watano, naye aliambiwa tezi dume yake ina shida. Kisha unaambiwa kopo moja halitibu, sharti ununue "dozi kamili" ya makopo manne, moja la kusafisha, moja la kujenga, moja la kuimarisha, la nne sikumbuki. Lebo za mchanganyiko maalumu, zote nne.

Na wale wa "bei njoo inboksi". Kwa nini bei iwe siri? Nimewahi kuuliza kopo moja kwa laini mbili tofauti, nikapewa bei mbili tofauti na muuzaji yuleyule, kwa sababu kwenye laini ya pili nilijitambulisha kama mfanyabiashara wa Kasulu. Mtu mwenye aibu ya kuzungumzia jambo lake ndiye anayekamuliwa vizuri, maana hatarudi kudai.

Bado kuna hela moja ya kutoa kabla ya hela ya kopo: kupima sukari na presha. Mishipa ya uume ina upana wa milimita moja hadi mbili, ya moyo milimita tatu hadi nne, kwa hiyo mafuta na sukari vikianza kuziba huonekana kwanza kule kwenye mwembamba, wakati mwingine miaka miwili hadi mitano kabla moyo haujalalamika. Maweni kwa sisi wa Kigoma, Kitete kwa wa Tabora, hata kituo cha afya cha jirani, vipimo hivyo wanavyo. Nenda na orodha ya dawa unazomeza, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha zenyewe hupunguza nguvu na daktari anaweza kukubadilishia. Usiziache kwa uamuzi wako. Na ndugu zangu wa Urambo na Kaliua, tumbaku ijengeeni nyumba, msiivute.

Ukishaamua kuagiza, NOW hutaipata kirahisi huku. Wengi tunaagiza Dar na kopo linakuja kwa basi. Kabla ya kutuma hela omba picha ya nyuma ya kopo, ule upande wenye jedwali, ikiwa imepigwa karibu hadi kipimo kisomeke. Muuzaji wa kweli anaituma papo hapo. Mwingine atakutumia picha ya mbele yenye mwanamume mwenye kifua kipana. Akiituma hiyohiyo mara ya pili, mwambie umeghairi, na usimpe sababu.