Matembezi ya mikoko Gazi: nyota nne na nusu
Juzi nilifika Gazi, Kwale, kutembea juu ya daraja la mbao la akina mama. Dada aliyenitembeza alinifunza kutambua mkoko, mchu na mlilana kwa kutazama mizizi tu. Kisha akatoa utepe, kama ule wa fundi cherehani, akauzungusha kwenye shina usawa wa kifua. Kumbe hesabu ya hewa ukaa (kaboni) inayohifadhiwa na miti ya Mikoko Pamoja, mradi wa kijamii wa kutunza mikoko wa hekta 117 ulioanza 2013, huanzia hapo! Sehemu ya mapato ya kuuza hati za kaboni hiyo huenda kwenye maji na shule za kijiji. Wali wa nazi na samaki, mashaallah. Nusu nyota nimeikata kwa sababu ya bodaboda aliyenitoza mara mbili. Vaeni viatu vya kufunga, kaa hawana adabu.